Watu Kumi wa Jumamosi: Jumuiya ya Wayahudi ya Lubumbashi tangu 1911

Msafiri wa Kama, mkoani Maniema, anayetaka kwenda Lubumbashi kwa treni hana budi kwanza afike Kindu. Reli ya Kindu ilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1910, ikielekea kusini hadi Kongolo. Baadaye mto Lualaba ukavukwa kwa daraja, Kabalo ikafikiwa, na mwaka 1956 kipande cha Kabalo hadi Kamina kikamalizika. Hapo ndipo Maniema na Katanga zilipokutana kwenye njia moja ya chuma. Ila Wayahudi wa kwanza wa Katanga hawakupita huku. Wao walikuja na reli nyingine, ile iliyopanda kutoka kusini.

Sinagogi ya Lubumbashi ilifunguliwa mwaka 1930, na sasa inaikaribia miaka mia. Jumuiya iliyoijenga ina umri mkubwa kuliko jengo: iliundwa mwaka 1911, wakati mji wenyewe ulikuwa na mwaka mmoja tu. Miongoni mwa taasisi zilizoletwa na shaba ya Katanga hii ni ndogo sana ukiilinganisha na migodi, misheni na hospitali. Hata hivyo imepita katika kila dhoruba iliyoipata nchi, na muda wote huo imejipima kwa swali lilelile: je, Jumamosi asubuhi watapatikana wanaume kumi?

Ndiyo sheria. Kwa Wayahudi wanaofuata mapokeo ya zamani, Torati haisomwi hadharani, wala sala fulani hazisaliwi, mpaka wawepo wanaume kumi waliotimiza miaka 13. Wakipungua wakawa tisa, hata kama wote tisa ni wanazuoni, hawatoshi. Wakifika kumi, hata kama wote ni wauza vitambaa na samaki wakavu, ibada inaendelea. Historia ya jumuiya hii yaweza kusomwa kama historia ya kuwatafuta hao kumi, kuwa nao kwa wingi, na kisha kuwapoteza mmoja mmoja.

1910–1930: Waliofuata reli

Reli hiyo ilianzia Cape Town. Ilifika Bulawayo, ikavuka maporomoko ya Zambezi kwa daraja la mwaka 1905, ikaingia Broken Hill, mji unaoitwa Kabwe leo, ikapita Ndola, na mwaka 1909 ikagusa mpaka wa Congo pale Sakania. Mwaka 1910 ikafika mahali ambapo Émile Wangermée, mtawala wa Katanga, alikuwa amepima viwanja vya mji mpya. Mji ukapewa jina la malkia wa Ubelgiji: Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1906, iliyeyusha shaba yake ya kwanza hapo mwaka 1911.

Mahali penye mgodi hapakosi duka. Wayahudi waliokuwa tayari Rhodesia na Afrika Kusini, wengi wao wenye asili ya Ulaya ya Mashariki, walikuwa wameshaanza kuingia Katanga miaka michache kabla ya reli. Huko walikotoka jumuiya zilikuwa zimeshasimama. Ile ya Bulawayo iliundwa mwaka 1894. Walipofika Élisabethville hawakungoja mji ukue. Mwaka 1911 waliunda jumuiya ya ibada, pengine katika mji ambao mitaa yake mingi ilikuwa bado ni kamba na vigingi.

Haja iliyowasukuma haikuwa kubwa wala ya kifahari. Mtu akifa anahitaji kuzikwa kwa taratibu zake, na mtoto wa kiume akizaliwa anahitaji kutahiriwa siku ya nane. Nyama inahitaji mchinjaji anayejua sheria. Mambo hayo hayatimiziki kwa barua kutoka Bulawayo. Jumuiya ya kwanza ilikuwa, kwa maneno mengine, chama cha kusaidiana katika kuzaliwa, kula na kufa, na sala ikiwa ndiyo uzi uliounganisha yote.

Kisiwa kilichohamia Katanga

Kilichobadilisha sura ya jumuiya ni watu wa kisiwa kimoja. Rhodes, kisiwa cha bahari ya Mediterania karibu na pwani ya Uturuki, kilikuwa chini ya Waturuki tangu karne ya 16 hadi Waitalia walipokiteka mwaka 1912. Wayahudi wake walikuwa wazao wa wale waliofukuzwa Hispania mwaka 1492. Karne nne baadaye bado walikuwa wakizungumza Kihispania cha babu zao, Kiladino, jikoni, sokoni na kwenye nyimbo za kubembeleza watoto. Sinagogi yao ya Kahal Shalom, yenye tarehe ya mwaka 1577, ingali ikisimama.

Kisiwa kilikuwa kizuri, lakini kazi zilikuwa haba. Vijana walianza kuondoka: wengine Marekani, wengine Argentina, na wengi wakashika njia ya Afrika kupitia Rhodesia na Congo. Salomon Benatar anatajwa miongoni mwa waliotangulia Katanga, na jina lake lilibaki likisikika katika kampuni ya Solbena. Aliyefika kwanza alimwita ndugu yake, ndugu akamwita binamu, binamu akaleta mchumba. Kijana alianza kama karani wa duka la mjomba, akijifunza Kiswahili na bei za vitambaa kwa wakati mmoja. Akiaminika alipelekwa kufungua tawi kijijini au kwenye kituo cha reli. Na akijaliwa alisimamisha duka lake mwenyewe.

Ndivyo walivyosambaa. Walikuwepo Likasi, iliyoitwa Jadotville, na Kolwezi. Walikuwepo Kananga ya leo, Bukavu, na Usumbura kule Ruanda-Urundi. Nissim Soriano, mwenyeji wa Rhodes, alifanya biashara ya samaki kwenye Ziwa Mweru, huko Kashobwe. Wakongomani wengi wanalijua jina hilo kwa sababu ya mwanawe, Moïse Katumbi, gavana wa Katanga kuanzia 2007 hadi 2015. Huko Léopoldville, Maurice Alhadeff, naye mtu wa Rhodes, alijulikana kwa kuwalea kikazi wachoraji wa Kikongomani na kununua kazi zao.

Basi jumuiya iliyoanzishwa na watu wa Ulaya ya Mashariki ikawa, katika muda wa kizazi kimoja, ya Wasefaradi, yaani Wayahudi wa mapokeo ya Hispania. Sala ikabadilika lahani. Kiladino kikaingia barazani.

1930–1937: Jengo na rabi

Sinagogi iliyofunguliwa mwaka 1930 ilichorwa na msanifu Raymond Cloquet. Tarehe hiyo inastaajabisha kidogo. Ni mwaka ambao mtikisiko wa uchumi wa dunia ulikuwa ukianza kuibana bei ya shaba, na Union Minière ilikuwa karibu kuwarudisha makwao wafanyakazi wengi. Wafanyabiashara waliochanga fedha zao wakati wa neema walikuja kusali ndani ya jengo hilo wakati wa dhiki.

Jengo lilikuwa katika mji wa wazungu, na hilo lisemwe waziwazi katika historia kama hii. Élisabethville iligawanywa kwa rangi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1920 ukanda mtupu wenye upana wa mita 700 uliutenga mji huo na mitaa ya Waafrika. Wayahudi wa Rhodes walihesabiwa upande wa wazungu, ingawa Wabelgiji wengi waliwatazama kama wazungu wa daraja la pili, wachuuzi wenye lafudhi. Maduka yao yaliwaweka karibu na wanunuzi Waafrika kuliko ofisi za kampuni zilivyowaweka wakubwa wake. Ukaribu huo wa kaunta haukuuondoa ule ukanda wa mita 700.

Mwaka 1937 akafika Moïse Lévy, kijana aliyesomea chuo cha marabi cha Rhodes. Chuo hicho kilifunguliwa na Waitalia mwishoni mwa miaka ya 1920 na kilifungwa mwaka 1938, sheria za ubaguzi wa rangi za Mussolini zilipowafikia Wayahudi wa kisiwani. Rabi Lévy aliondoka mwaka mmoja tu kabla ya mlango huo kufungwa.

Alikaa Congo mpaka mwaka 1991. Miaka 54. Mwaka 1953 alipewa cheo cha rabi mkuu wa Congo ya Wabelgiji na Ruanda-Urundi, na ofisi yake ikabaki Élisabethville. Maisha yake yameandikwa katika kitabu cha Milantia Bourla-Errera kilichotoka mwaka 2000. Kwa jumuiya ndogo, rabi si mhubiri tu: ni mwalimu wa watoto, hakimu wa ndoa na talaka, mshauri wa maduka yanayogombania deni, na mtu wa kuabiri treni kwenda kumzika mfu katika mji wenye familia nne za Kiyahudi.

Pembeni yake walikuwepo watu wa vyeo visivyoandikwa kwenye mawe ya msingi: mwenyekiti na halmashauri waliosimamia fedha, mhudumu wa sinagogi aliyefungua milango na kutunza hati za Torati, wanawake walioendesha misaada na karamu. Kazi ya hao wa mwisho ndiyo iliyoonekana kila wiki.

Wiki ya jumuiya

Sabato huanza Ijumaa jua likizama na kwisha Jumamosi usiku nyota tatu zikionekana. Kwa Mswahili aliyelelewa akijua kwamba siku huanza magharibi, hesabu hiyo haina ugeni wowote. Kilichokuwa kigeni kwa watu wa Rhodes ni jua lenyewe. Mjini Brussels machweo huhama kwa zaidi ya saa tano kati ya Desemba na Juni, na Myahudi wa huko lazima awe na jedwali ukutani. Lubumbashi, iliyo karibu na nyuzi 12 kusini mwa ikweta, machweo hayahami hata kwa saa nzima: mwaka mzima hucheza karibu na saa kumi na mbili jioni. Mama wa nyumba angeweza kuwasha mishumaa yake ya Sabato kwa mazoea tu.

Kwa kuwa moto hauwashwi siku ya Sabato, chakula cha Jumamosi hupikwa Ijumaa. Jiko la Kirhodes lina vyakula vyake vya siku hiyo. Boreka ni vitumbua vya unga vilivyojazwa biringanya, jibini au viazi. Mayai nayo huchemshwa polepole usiku kucha pamoja na maganda ya vitunguu, mpaka ganda lake linakuwa la rangi ya kahawia na ute wake unageuka rangi ya udongo. Huliwa Jumamosi baada ya sala ya asubuhi, kabla jua halijawa kali. Mtu wa Rhodes aliyehamia Cape Town, Harare au Seattle angekaribishwa mezani kwa mayai hayohayo.

Jumamosi asubuhi husomwa fungu la Torati. Vitabu vitano vya Musa vimegawanywa katika mafungu 54, na duara hukamilika kila mwaka baada ya sikukuu ya vibanda, mwezi wa Septemba au Oktoba. Hapa Katanga ina bahati ya ajabu. Kalenda ya Kiyahudi imefungwa kwenye mvua za Yerusalemu: mwishoni mwa sikukuu ya vibanda waumini huomba mvua, na wakati wa Pasaka, Machi au Aprili, huacha kuomba mvua, wakaomba umande. Katika baadhi ya sehemu za kusini mwa ikweta maombi hayo hayalingani na hali ya hewa. Lubumbashi yanalingana karibu kabisa. Mvua za Katanga huanza Oktoba au Novemba na kukoma Aprili. Mtu aliyesimama katika sinagogi hiyo akiomba mvua alikuwa akiomba kitu kilekile ambacho mkulima wa mihogo nje ya mji alikuwa akikitazamia angani.

Siku yenyewe ilikuwa na mvutano wake. Katika kambi za Union Minière Jumamosi ilikuwa siku ya mgao wa chakula, na hadi leo katika Kiswahili cha Lubumbashi siku hiyo huitwa siku ya mposho. Ndiyo siku mfanyakazi alipokuwa na kitu mkononi na mke wake alipokuwa sokoni. Kwa mwenye duka, kufunga Jumamosi kulikuwa ni kuacha mapato bora ya wiki nzima. Jumapili nayo mji wa Wakatoliki ulikuwa umefunga. Mzozo wa Sabato na kaunta unajulikana katika kila jumuiya ya Wayahudi wafanyabiashara duniani, na hakuna sababu ya kudhani kwamba Katanga ulitatuliwa na kila familia kwa namna moja.

Mahubiri ya Sabato hufuata fungu la wiki. Amri ya kupumzika imetolewa mara mbili katika Torati, na sababu zake zinatofautiana. Katika Kutoka, sababu ni uumbaji: Mungu alipumzika siku ya saba. Katika Kumbukumbu la Torati sababu ni utumwa: mlikuwa watumwa Misri, kwa hiyo mtumishi wako naye apumzike kama wewe. Mara zote mbili mtumwa, mjakazi na mgeni aliye ndani ya malango wametajwa. Ni vigumu kuyatafakari maneno hayo katika mji ule bila kumfikiria mpishi, mfua nguo na karani wa duka. Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waliogoma kudai mishahara walipigwa risasi katika uwanja wa mpira wa Élisabethville, na wengi wakafa. Wiki hiyo pia ilikuwa na Jumamosi, na fungu lake.

Sabato huagwa kwa divai, viungo vya kunusa na mshumaa uliosukwa. Kisha watu wa Rhodes hutakiana kwa Kiladino *buena semana*, wiki njema, na maduka hufunguliwa tena kesho yake au keshokutwa.

1944: Nyumba iliyopotea

Julai 1944, wakati Katanga ilikuwa ikitoa shaba kwa ajili ya majeshi ya Washirika, Wajerumani waliokikalia kisiwa cha Rhodes waliwakusanya Wayahudi wote waliosalia. Tarehe 23 Julai walipakiwa kwenye mashua, zaidi ya watu 1,700, wakapelekwa Piraeus na kutoka huko kwa treni hadi Auschwitz, walikofika katikati ya Agosti. Balozi mdogo wa Uturuki, Selahattin Ülkümen, aliwaokoa zaidi ya 40 kwa kudai kwamba ni raia wa nchi yake. Kati ya waliopelekwa, wapatao 150 tu ndio walionusurika.

Pigo hilo lilifika Élisabethville kwa njia ya ukimya: barua hazikuja tena. Karibu kila familia ya jumuiya ilikuwa na mama, dada au shangazi kisiwani. Tangu wakati huo sinagogi ya Katanga, iliyojengwa kama tawi la mti wa Rhodes, ikawa sehemu ya kile kilichosalia cha mti wenyewe. Baadhi ya walionusurika hawakuwa na mahali pa kurudi isipokuwa kwa jamaa zao wa Congo. Mmoja wao ni Sami Modiano, aliyezaliwa Rhodes mwaka 1930 na kumpoteza baba yake na dada yake huko Auschwitz. Baada ya vita alikuja kufanya kazi Congo ya Wabelgiji. Baada ya uhuru aliondoka, na uzeeni amekuwa mmoja wa mashahidi wanaojulikana sana nchini Italia.

1945–1960: Miaka ya wingi

Baada ya vita jumuiya ilifika kilele chake. Kabla ya uhuru Congo nzima ilikuwa na Wayahudi wapatao 2,500, na karibu nusu yao walikuwa Élisabethville. Kumi hawakuwa tena wa kutafutwa. Watoto walifundishwa dini na Kiebrania, vijana walikuwa na michezo na sherehe zao, na harusi moja iliweza kujaza jengo. Miji midogo ilimtegemea rabi wa Élisabethville kwa sikukuu na kwa vifo.

Hayo ndiyo yanayokumbukwa zaidi na wazee walioko Ulaya, na ndiyo yaliyojaza kurasa za *Shalom Bwana*, kitabu cha Moïse Rahmani kuhusu Wayahudi wa Congo. Kumbukumbu za miaka ya neema huwa tamu kwa aliyeiishi ndani ya uzio. Msomaji wa Kamalondo, mtaa wa Waafrika, aliyekuwa nje ya uzio huo ana haki ya kuzisoma kwa jicho lake.

1960–1973: Kuondoka mara ya kwanza

Tarehe 11 Julai 1960, siku kumi na moja baada ya uhuru, Moïse Tshombe alitangaza kujitenga kwa Katanga. Siku hizohizo maasi ya askari yalikuwa yakienea, na msururu wa magari ya Wazungu ulikuwa ukielekea mpaka wa Rhodesia ya Kaskazini. Familia nyingi za Kiyahudi zilikuwamo. Baadhi zilirudi baada ya wiki chache, nyingine hazikurudi. Mji uliona vita kati ya askari wa Umoja wa Mataifa na wa Katanga mnamo Septemba na Desemba 1961, na tena kuelekea Januari 1963, kujitenga kulipokomeshwa.

Rabi Lévy alibaki. Hilo ndilo jambo la msingi kuhusu miaka hiyo. Sinagogi yenye rabi huweza kuwa na watu wachache na bado ikaitwa sinagogi. Isiyo na rabi, mbali na jumuiya nyingine, hugeuka haraka kuwa jengo la kuulizia ufunguo. Mwaka 1966 Élisabethville ikawa Lubumbashi, mwaka 1971 nchi ikawa Zaire na Katanga ikaitwa Shaba, na majina ya barua za jumuiya yakabadilika kwa kuyafuata.

1973–1991: Kuondoka mara ya pili

Mwaka 1973 ulipiga mara mbili. Oktoba Mobutu alikata uhusiano na Israeli, uliokuwa umeleta waalimu wa kijeshi na wataalamu wengi nchini. Tarehe 30 Novemba akatangaza hatua za kuzifanya biashara za wageni kuwa za Wazaire: maduka, mashamba na nyumba za biashara ya jumla zilipewa wenye nchi, mara nyingi wenye vyeo. Hatua hiyo haikulenga Wayahudi. Wagiriki, Wareno na Wahindi walipoteza vilevile. Lakini jumuiya iliyosimama juu ya maduka haikuweza kubaki ilivyokuwa. Rhodesia, Afrika Kusini, Ubelgiji na Israeli ziliwapokea waliokuwa bado wanasitasita. Wachache walirudi serikali ilipolegeza masharti baada ya uchumi kuvurugika.

Uhusiano na Israeli ulirejeshwa mwaka 1982. Kwa wengi ilikuwa imechelewa. Mkoa wa Shaba ulikuwa umepita katika vita viwili, vya 1977 na vya 1978 vilivyoitikisa Kolwezi, na miji midogo ya Katanga haikuwa tena na familia za kutosha. Mwaka 1991, mwaka wa uporaji wa askari na raia katika Kinshasa na Lubumbashi, ndio mwaka Rabi Lévy alipofunga miaka yake 54 ya Congo.

Jedwali la matukio

| Mwaka | Tukio |
|---|---|
| 1910 | Reli yafika. Élisabethville yaanzishwa |
| 1911 | Jumuiya ya Wayahudi yaundwa |
| 1930 | Sinagogi yafunguliwa |
| 1937 | Moïse Lévy awasili kutoka Rhodes |
| 1944 | Wayahudi wa Rhodes wapelekwa Auschwitz |
| 1953 | Lévy awa rabi mkuu wa Congo ya Wabelgiji na Ruanda-Urundi |
| 1960 | Uhuru, Katanga yajitenga, familia nyingi zaondoka |
| 1966 | Élisabethville yaitwa Lubumbashi |
| 1973 | Hatua za Novemba 30 zachukua biashara za wageni |
| 1991 | Rabi Lévy aondoka Congo |

Majirani na walikokwenda

Ukiilinganisha Lubumbashi na jirani zake utaona kilichokuwa chake peke yake. Nairobi jumuiya iliundwa mwaka 1904. Jiwe la msingi la sinagogi yake ya kwanza liliwekwa mwaka 1912 na gavana Percy Girouard, mwaka 1938 ukaongezwa ukumbi wa jamii uitwao Vermont Memorial Hall, na sinagogi ya sasa ikajengwa katikati ya miaka ya 1950. Nairobi nayo ilikuwa ya walowezi na wafanyabiashara, ila haikupata pigo la kutaifishwa kwa maduka kama la 1973, na sinagogi yake ingali ikifanya kazi katikati ya mji.

Mbale, mashariki mwa Uganda, mambo ni mengine kabisa. Huko hakuna aliyekuja na meli. Semei Kakungulu, kiongozi wa kijeshi wa Kiganda aliyekwisha kugombana na Waingereza, aliisoma Biblia mwenyewe, na mwaka 1919 akatahiriwa pamoja na wanawe na kuanzisha watu wanaoitwa Abayudaya. Idi Amin alipiga marufuku dini yao mwaka 1971, wakasali mafichoni hadi alipopinduliwa mwaka 1979. Rabi wao, Gershom Sizomu, alipata daraja mwaka 2008 baada ya masomo Marekani, na mwaka 2016 walifungua sinagogi mpya kwenye kilima cha Nabugoye. Kwao zaburi za Sabato huimbwa kwa Luganda, na waimbaji ni wakulima wa hapohapo. Jumuiya ya Lubumbashi haikuwahi kufungua mlango wa namna hiyo, wala haikuulizwa ifungue. Pengine ndiyo sababu wingi wa Mbale unakua ilhali ule wa Lubumbashi umekwisha kuhamia Ulaya.

Umehamia hasa Brussels. Katika wilaya ya Schaerbeek kuna sinagogi ya Kisefaradi iitwayo Simon na Lina Haïm, iliyojengwa kwa sehemu kubwa na watu waliotoka Congo, na lahani zinazosikika humo Jumamosi ni za Rhodes zilizopitia Katanga. Nchini, kitovu cha maisha ya Kiyahudi kimehamia Kinshasa, ambako tangu mwaka 1991 Rabi Shlomo Bentolila wa harakati ya Chabad anaongoza kituo kinachowahudumia Wayahudi wa nchi kadhaa za Afrika ya Kati.

Jengo la 1930 lingali Lubumbashi, mlango wake ukitazama mji ambao umekuwa wa mamilioni.